Kuogelea Nchi Kavu

Jumatatu baada ya mapumziko, Gredi ya Sita
wanaogelea nyasini.
Wamelala kifudifudi nyuma ya bohari
na mimi, filimbi mdomoni, natembea ukingoni
mwa bwawa ambalo halijachimbwa.

Teke! Teke! Pumulia kulia!
Olum, goti lisipinde, huendeshi baiskeli.

Mtaala unasema maji.
Mwalimu mkuu anasema bajeti.
Ziwa lenyewe liko pale chini, tunaliona tukisimama chooni,
limefunikwa magugu hadi karibu na Dunga,
lina viboko, lina kichocho,
na kila mzazi wa Nyalenda ameniapia:
mwanangu asiguse maji yale.
Fomu nayo ina visanduku vinne, inataka alama:
kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia,
na kile cha mwisho ambacho sipendi kukitaja.

Randiki huvuka kutoka mwarobaini hadi bomba bovu
kwa sekunde arobaini na moja,
anainuka na nyasi masikioni, anapunga mkono
kwa umati wa kuku wawili.
Akeyo ndiye mshika saa. Haogelei. Anasema tumbo.
Wiki ya tatu sasa, tumbo.

Jumatano ni Sanaa.
Rangi tunazo tatu: makaa, udongo wa Kibos,
majani ya sukuma yaliyopondwa kwa jiwe.
Buluu iliisha muhula wa kwanza
kila mtu alipochora askari polisi.
Nikasema, choreni maji bila buluu.
Wengi wakachora ndoo.
Nyangweso akachora bili.
Akeyo akachora darasa zima kutoka juu, kama aonavyo mwewe:
miili thelathini na saba imetanda, nywele zimelowa,
mashati yamegandamana na migongo
(sijui makaa yanaloaje, lakini yalikuwa yameloa)
na pembeni kabisa mtu mmoja wima,
kamba za viatu zimefungwa mara mbili.
"Huyu ni nani?"
"Ni wewe, mwalimu."
"Mbona mimi peke yangu mkavu?"
Akaniangalia. Akarudi kuchonga kipande chake cha kaa.

Ijumaa ya kufunga shule
hoteli moja kule Milimani ikatupa saa moja,
na kijana wao mwenye fulana nyekundu atuchunge.
Buluu, jamani!
Buluu yote tuliyoikosa ilikuwa imefichwa huku.
Randiki, bingwa wa nyasi, akashika ngazi kwa mikono miwili
na hakuna aliyeweza kumbandua.
Goti la Olum likapinda, kama kawaida.
Akeyo akanirudishia saa,
akashuka hadi kifuani, hadi kidevuni,
kisha akajilaza chali
kama mtu aliyefika kitandani kwa nyanya yake
baada ya safari ndefu,
asipige teke hata moja, maji yakambeba.

"Na tumbo?"
"Halikuwa tumbo, mwalimu. Nyasi zinaniwasha."

Ndipo sauti ya nyuma, sikumjua nani:
"Na wewe je?"

Mimi ni mtoto wa Ahero.
Mto Nyando umeingia kwetu mara nne bila hodi,
umetoka na godoro, umetoka na mbuzi,
mara moja umetoka na mlango wenyewe,
na siku zote hizo nilikuwa juu ya paa.
Chuoni, kuogelea tulifanyia kwenye karatasi.
Nilipata themanini na mbili.

Niliinama. Lile fundo la pili lilikuwa gumu,
lilichukua muda, na hakuna aliyecheka,
hata Olum.
Saa nikampa Akeyo,
mikono yake ikichuruzika.
Ngazi ilikuwa baridi kuliko nilivyofundisha.
Randiki, akiwa bado ameishikilia,
akasogea kidogo, akanipa nafasi.